Maficho ya mcheza ngoma

Mcheza ngoma anayeingia darasa la Graham, mojawapo ya mbinu za dansi ya kisasa ya Marekani, kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: hakuna anayesimama. Unavua viatu, unaingia ukumbini, unatafuta nafasi yako, kumbe wenzako wote wameshakaa chini. Nyayo zimegusana, magoti yamefunguka pembeni, mgongo uko wima. Piano inaanza, na viwiliwili vyote vinadundadunda kuelekea miguuni, hesabu baada ya hesabu. Ukidhani hiyo ni kupasha mwili tu na sasa mtainuka, mnageuza miguu na kuendelea palepale. Sehemu kubwa ya kipindi huliwa sakafuni.

Mimi miguu ndiyo iliyonilea. Nimesomea ngoma Bagamoyo, nimecheza sindimba, bugobogobo na lizombe kwenye harusi, sherehe za serikali na hoteli za pwani, kule ambako watalii wanakula pweza huku wewe unatiririka jasho mbele yao. Niweke mbele ya wapigaji watatu wazuri, nitajua la kufanya hata nikiwa na homa. Pale chini, bila ngoma na bila miguu, sikuwa na la kusema.

Yalikuwa majira ya joto, New York. Dada yangu anaishi Jersey City, upande wa pili wa mto Hudson; akanipa kitanda kwenye chumba cha mwanawe, nami nikajiandikisha kwenye warsha za kusoma mfululizo, asubuhi hadi alasiri, mbinu moja ikipokelewa na nyingine: Graham, Horton, Limón, na vipindi vichache vya Cunningham. Ndizo mbinu ambazo Wamarekani huzihesabu kuwa msingi wa dansi ya kisasa. Zilijengwa kuanzia miaka ya 1920 hadi katikati ya karne iliyopita, na kila moja ilitokana na mtu mmoja mkaidi ambaye balei haikumtosha.

Watu nyumbani wakiniuliza nilijifunza nini, hutaka niinuke niwaonyeshe hatua. Hatua ninazo chache. Mbinu kama hizi watu huzisomea miaka, na anayekuambia amemaliza Graham kwa kiangazi kimoja mwache aende zake. Wiki chache zinachoweza kukupa ni kukuonyesha unakojificha. Kila mchezaji ana pa kujificha, mahali ambapo ufundi wake wa zamani humfunika asionekane asichokiweza. Maficho yangu nilikuwa siyajui, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kuyagusa.

Nianze na Graham, maana huko ndiko nilikoumia zaidi.

Martha Graham alianzisha kundi lake mwaka 1926, na moyo wa mbinu yake ni pumzi. Ukitoa pumzi, fupanyonga inajikunja, kitovu kinarudi nyuma kuelekea uti wa mgongo, na mgongo wote unakuwa upinde. Hiyo ndiyo kontraksheni. Ukivuta pumzi, mgongo unajijenga upya kuanzia chini, pingili kwa pingili, mpaka umerudi wima. Hiyo ni rilizi. Kwa maelezo ni kitu cha dakika moja. Kwa vitendo, asilimia kubwa ya wageni, na mimi nikiwemo, tunafanya kitu kingine kabisa: tunaangusha mabega mbele, tunainamisha kichwa, tunafinya uso kana kwamba tuna uchungu, na fupanyonga imekaa vilevile ilivyokuwa. Mkufunzi wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa akipita nyuma yetu na kuweka vidole viwili mgongoni, juu kidogo ya mkia. Kwangu alisimama muda mrefu. Hakukuta kitu kinachosogea.

Hilo lilinichoma, kwa sababu mimi natoka kwenye sindimba! Mtu yeyote aliyewahi kuiona sindimba ya Wamakonde ataapa kwamba mchezaji wake ana kiuno kinachojua kila lugha. Ilibidi nirudi nyumbani kwa dada, nisimame jikoni, nicheze polepole bila muziki, ndipo nione kinachotokea. Katika sindimba magoti yamekunjwa na nyayo zinaikanyaga ardhi, kiuno kinajibu. Nguvu inaanzia chini, inapanda, na nyonga zinaipokea na kuizungusha. Ukinikalisha sakafuni na kuninyooshea miguu mbele umenikatia umeme. Kiuno changu miaka yote kilikuwa kikiitikia, hakijawahi kuanza wimbo chenyewe.

Dada yangu alinikuta hapo jikoni. Yeye ni muuguzi, anarudi usiku amechoka, na haamini sana mambo ya kulipia.

"Mdogo wangu, yaani umetoa pesa zote hizi kwenda kukaa chini?"

"Nafundishwa kupumua, dada."

"Ungeniambia. Mimi wagonjwa wangu nawafundisha bure."

Usiku huo tuliangalia pamoja kwenye simu mchezo wa Graham wa mwaka 1930 unaoitwa Lamentation. Mwanamke mmoja amekaa kwenye benchi, amevikwa kitambaa cha zambarau kinachovutika, kimemfunika kama fuko. Unaona uso, mikono na nyayo tu. Karibu mchezo wote hainuki. Anayumba, anavuta kitambaa, anajikunja, kitambaa kinachora mistari mirefu kutoka magotini hadi kichwani. Sikumwambia dada jina la mchezo wala maana yake. Alitazama kidogo tu akasema, "Huyu kafiwa."

Kila aliyekaa mkekani msibani anajua alichokiona. Mama aliyejifunika kanga, amekaa, miguu haina kazi, anayumba. Na kabla sauti ya kilio haijatoka, tumbo linaingia ndani kwanza. Linaingia lenyewe, kwa nguvu, mwili mzima unaufuata mkunjo huo, ndipo sauti inapatikana. Nimekaa kwenye misiba mingi na sikuwahi kulitazama tumbo. Kesho yake darasani niliacha kufikiria umbo la mgongo, nikawa natafuta ule mvuto unaotangulia kilio. Vidole viwili vilipokuja, mkufunzi alisema neno moja, "Hapo," akaenda kwa mwingine. Haikudumu. Ilikuja mara moja moja, ikapotea, lakini sasa nilijua ninatafuta nini.

Madarasa hayo ya Graham yalikuwa kwenye jengo la Westbeth, mtaa wa Bethune, ghorofa ya 11. Kutoka Jersey City unapanda treni ya PATH, unashuka Christopher Street na kutembea kidogo kuelekea mtoni. Ukumbi huo kwa miaka mingi ulikuwa wa Merce Cunningham. Watu wa Graham waliupokea mwaka 2012, na mwaka huohuo kimbunga Sandy kikajaza maji kwenye ghala la chini walikohifadhi maleba na vifaa vya jukwaani vya michezo yao ya zamani. Wanayasimulia hayo kwa uchungu mpaka leo. Mimi nilichowaza ni kwamba zoezi la kudundadunda sakafuni halikulowa, kwa kuwa halikuwa limewekwa kabatini. Liko kwa watu, kama zilivyo ngoma zetu, na ndiyo maana mtu akifa bila kufundisha tunapata hasara ambayo hakuna bima inayoilipa.

Horton ni habari nyingine kabisa. Lester Horton alifanya kazi Los Angeles, mbali na New York na makundi yake, akafariki mwaka 1953 akiwa na miaka 47. Alichukua wachezaji wa rangi zote wakati ambapo hilo halikuwa jambo la kawaida Marekani. Kati ya waliopita mikononi mwake ni Carmen de Lavallade, James Truitte na Alvin Ailey, ambaye alianzisha kundi lake mwenyewe mwaka 1958. Leo ukitaka Horton, shule ya Ailey ni mahali pa kwanza watu watakapokuelekeza: jengo la vioo, kona ya mtaa wa 55 na barabara ya Ninth, wapita njia wanaweza kuchungulia madarasa wakiwa barabarani.

Hapa unaanza ukiwa umesimama, nikashukuru Mungu mapema mno. Zoezi la kwanza: unakunja mwili kwenye nyonga mpaka mgongo unalala sambamba na sakafu, bapa, bila bonde wala kilima, magoti yamenyooka, na unakaa hapo. Kisha unarudi juu na mgongo uleule. Kisha tena, kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, kwa hesabu nane, kwa hesabu nne, kwa mbili. Baadaye linakuja lile umbo la herufi T: umesimama kwa mguu mmoja, kiwiliwili kimelala ubavu, mguu wa pili umenyanyuliwa upande wa pili, mikono imepita masikio, na kutoka ncha za vidole vya mkono hadi vya mguu ni mstari mmoja. Uso unatazama mbele, hautazami sakafu. Paja lililosimama linatetemeka, na mkufunzi anatembea taratibu akihesabu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Kwenye ngoma, ukikosea kitu, pigo linalofuata linakufuta. Ndiyo raha yake. Unachelewa kidogo, unatabasamu, unaongeza bega, mshereheshaji anapiga kelele, na hakuna anayekumbuka. Horton haina pigo linalofuata. Umbo ni sahihi au si sahihi, na unalishikilia hadi wote wameona. Uchangamfu wangu, ambao nyumbani ndio ulikuwa ukiniletea kazi, pale haukuwa na pa kukaa. Kuna siku mkufunzi aliniambia kwa upole kabisa kwamba uso wangu unafanya kazi kuliko mguu wangu.

Kulikuwa na zoezi moja tu la kujivunia. Horton ana zoezi la kuchuchumaa hadi chini kabisa, visigino vikiwa sakafuni. Zamani waliliita la kishenzi, na jina hilo bado limo kwenye vitabu. Mkufunzi wetu aliliruka jina hilo, akasema tu "shukeni". Wachezaji wa balei, watu wenye miguu ya ajabu, walikuwa wakianguka nyuma mmoja baada ya mwingine. Visigino vyao havikubali kugusa chini. Mimi nimekulia kwenye jiko la mkaa, nimefua, nimepeta mchele, nimengoja daladala nikiwa nimechuchumaa. Nilikaa pale chini kwa starehe zangu, ningeweza hata kuchambua mboga. Wakaambiwa wanitazame.

Halafu likaja agizo la kupanda. Polepole, mgongo bapa, bila kujisukuma. Nikakwama katikati, mapaja yanawaka, nikaona wale walioanguka wanasimama vizuri kunizidi. Katika bugobogobo ya Wasukuma unashuka chini sana, lakini kupanda ni kwa mdundo: jembe juu, mwili unarushwa na pigo. Nguvu ya kupanda kwa hesabu nane za kimya sikuwa nayo, kwa sababu haikuwahi kuhitajika. Hiyo nimeibeba nyumbani, na ndilo zoezi ninalolifanya kila asubuhi mpaka leo. Ukiniuliza anayetoka kwenye ngoma aanze na ipi kati ya mbinu hizi, nitasema Horton. Inaeleweka kwa macho, inajenga mgongo na miguu haraka, na haikuombi hisia ambazo bado huna mwili wa kuzibeba. Wapo watakaobisha.

Kuhusu mwili wenyewe, maana hili hawakuandikii kwenye fomu: ngozi ya nyayo itapasuka. Tumezoea mchanga, simenti, jukwaa la mbao. Sakafu ya vinaili inaishika ngozi. Ukizunguka, wewe unageuka na ngozi inabaki. Ilipasuka chini ya kidole gumba, nikajifunza kufunga plasta pana kuanzia juu ya mguu kuzunguka chini, na usiku maji ya vuguvugu na chumvi kwa amri ya dada. Chakula nacho. Nilikuwa nabeba ugali na maharage kwenye kikopo, nikidhani nahitaji nguvu, kisha saa ya mchana ninalalia tumbo sakafuni ninajuta. Nikahamia ndizi na karanga, ugali ukasubiri usiku. Na usichelewe. Kule ukifika darasa limeanza mlango umefungwa, hata kama treni ndiyo iliyochelewa, na hakuna shikamoo itakayoufungua.

Limón niliipenda kabla sijaingia, kwa sababu ya niliyoyasikia: uzito, pumzi, kuanguka, kuinuka. José Limón alizaliwa Culiacán, Mexico, mwaka 1908, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akaenda New York mwaka 1928 kutafuta uchoraji, akauacha baada ya kumwona mtu mmoja akicheza jukwaani. Mwalimu wake, Doris Humphrey, aliona kwamba mwendo wote wa binadamu uko kati ya kusimama wima na kulala chini, na kwamba kinachovutia ni pale mwili unapoiachia ardhi iuvute kisha unapokataa. Limón alianzisha kundi lake mwaka 1946 akaendeleza wazo hilo.

Kweli, siku za mwanzo nilikuwa nyumbani. Mkono unaangushwa na uzito wake, kiwiliwili kinabembea, magoti yanapokea. Wenzangu waliolelewa na balei walihangaika kuachia kichwa; shingo zao zilikataa katakata. Mimi kuachia najua. Shida ilikuwa juu. Katika Limón, kabla hujaanguka kuna kuning'inia: umefika kileleni, pumzi imejaa, uzito umekwisha na bado hujaanza kushuka. Muda huo hauna hesabu maalumu. Unakaa hapo hadi mwili wenyewe uelemewe, ndipo unashuka. Mpiga piano alikuwa anatutazama, vidole vimeinuliwa, anasubiri tuanguke ndipo apige.

Mimi kila mara nilikuwa nimeshaanguka. Nilikuwa nikiwahi pigo ambalo halijapigwa, kwa sababu kichwani mwangu mpigaji hasubiri mtu. Mchezaji ndiye anayemkuta. Mkufunzi, kijana aliyecheza miaka mingi, alikaa nami baada ya kipindi akaniomba niinue mkono na kuushusha pale nitakapochoka kungoja, si kabla. Tulikaa pale tunainua mikono kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Kuna kitu cha kutisha katika kuning'inia bila ngoma. Nilipokipata kidogo, nilielewa kwa nini watu wa Limón wakiruka huonekana wamebaki juu zaidi kuliko walivyoruka.

Cunningham sikuelewana nayo, nami sitajifanya. Yeye na mwanamuziki John Cage walikubaliana kwamba muziki na dansi vikutane jukwaani bila kutegemeana. Mchezaji anabeba muda wake mwenyewe mwilini. Kundi lake lilicheza onyesho la mwisho tarehe 31 Desemba 2011, kama alivyokuwa amepanga kabla ya kufariki mwaka 2009. Darasani mgongo unapinda, unajikunja, unainama, huku miguu inafanya hesabu nyingine. Nilitoka nimechoka akili kuliko mwili, na nimeheshimu.

Vijana wa Dar, Nairobi na Kampala hunitumia ujumbe wakiuliza njia ya kufika New York. Huwa nawauliza kama wameifikiria Senegal. Germaine Acogny, aliyezaliwa Benin mwaka 1944, alifanya kwa dansi za Afrika Magharibi kile ambacho Graham na Horton walifanya kwao: alizichukua dansi alizozijua, akazichambua, akajenga darasa lenye mpangilio unaoanzia kwenye uti wa mgongo. Moja ya mazoezi yake linatokana na mti wa msufi. Aliongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia mwaka 1977 hadi ilipofungwa mwaka 1982, na mwaka 1998 yeye na mumewe Helmut Vogt wakaanzisha shule yao, École des Sables, katika kijiji cha Toubab Dialaw, kando ya bahari. Wachezaji kutoka pande zote za bara wanakwenda huko kwa warsha za wiki kadhaa. Ni safari ndefu kutoka kwetu, lakini hakuna atakayekushangaa visigino vikigusa chini.

Ninafundisha kikundi kidogo Bagamoyo, jioni, kwenye ukumbi wa kuazima. Sindimba tunaianzia chini siku hizi. Tunakaa, miguu mbele, na kiuno kinatafuta pa kuanzia bila msaada wa nyayo. Vijana wanacheka, kisha wanatoka jasho, kisha wanaacha kucheka. Tukisimama, nawataka wakifika juu wabaki hapo kidogo kabla ya kushuka. Mpigaji wetu mkubwa, mzee aliyewapigia ngoma walimu wangu, hili halimpendezi hata chembe.

"Sasa mwanangu, mimi nipige wapi?"

"Ukiona wameanza kushuka, mzee."

"Na wasiposhuka?"

Kwa sasa tumepatana kwamba siku ya Jumanne wao wanamsubiri yeye, na Alhamisi yeye anawasubiri wao. Alhamisi huwa anakuja amechelewa.